Ruta ya nyumbani kwa simu za intaneti: shida iko kwenye foleni

Kazi yangu ni ukalimani wa simu. Nakaa Tabata, Dar es Salaam, navaa hedifoni, na upande mwingine wa dunia daktari na mgonjwa wanazungumza kupitia kwangu: huyu Kiingereza, yule Kiswahili, mara nyingi kile cha Kivu chenye Kifaransa ndani yake. Siku moja daktari akataja dozi ya dawa. Nikasikia "fif", halafu sauti ikakwaruza kama redio iliyoishiwa betri. Kwa Kiingereza, kumi na tano na hamsini huachana mwishoni mwa neno tu, na mwisho wa neno ndio uliopotea. Nikamwomba arudie. Akarudia, ikakata palepale.

Nilifanya wanachofanya wengi. Nikampigia mtoa huduma wangu wa faiba, nikapandisha kifurushi kutoka megabiti 10 hadi 20. Bili ikapanda, sauti ikabaki vilevile. Nikaenda Kariakoo kutafuta ruta "kubwa". Muuzaji akanitolea moja yenye antena sita, nyeusi, imechongoka kama buibui. "Bosi wangu, hii inafika mpaka kwa jirani." Nikamuuliza inapangaje foleni ya pakiti, yaani vile vipande vidogo ambavyo data hukatwa ili isafiri. Akanitazama kama niliyeuliza bei ya samaki kwenye duka la vitambaa.

Swali lile ndilo swali lenyewe, na makala haya yote ni kulieleza.

Tuanze na hesabu ya simu, kwa sababu ndiyo inayovunja imani ya "nahitaji kasi zaidi". Kodeki ni kanuni ya kugeuza sauti kuwa data; ya zamani ambayo bado inatumika kwenye simu nyingi za ofisi inaitwa G.711. Inapeleka kilobiti 64 za sauti kwa sekunde. Sauti hukatwa vipande vya milisekunde 20, kwa hiyo kila sekunde zinaondoka pakiti 50, na kila pakiti ina baiti 160 za sauti na baiti 40 za bahasha: inatoka wapi, inakwenda wapi, ni ya ngapi kwenye mstari. Jumla ni kilobiti 80 kwa kila upande, na ukijumlisha kinacholiwa na waya wenyewe zinafika kama 87. Kodeki ya G.729 inaibana sauti hadi kilobiti 8. Opus, iliyopitishwa kuwa kiwango mwaka 2012 na sasa imo kwenye programu nyingi za simu na mikutano, inajipima yenyewe kati ya kilobiti 6 na 510 kulingana na hali ya njia. Chukua hata ile nzito, G.711: simu kumi kwa mpigo hazijazi megabiti moja.

Kwa hiyo kifurushi changu cha megabiti 10 kilitosha simu za ukoo mzima. Kilichokuwa kinaiua sauti ni kusubiri.

Kila anayeishi Dar anaijua pantoni ya Kigamboni. Waenda kwa miguu wana lango lao, magari yana foleni yake. Sasa fikiria siku wameamua lango liwe moja na foleni iwe moja. Mbele yamesimama malori arobaini ya matofali. Nyuma yao amefika kijana na ndoo ya barafu. Barafu yake ni kidogo, ingepenya popote, ingevuka hata na mtu mmoja. Lakini foleni ni foleni. Zamu yake inapofika, ndoo ina maji.

Pakiti ya sauti ni hiyo ndoo. Ina baiti 200, wakati pakiti ya picha inayopanda mtandaoni ina baiti 1,500. Ikichelewa haina kazi tena, kwani sikio limeshapita pale. Programu ya simu huwa inahifadhi akiba ndogo ya sauti ili kuficha zile zinazochelewa kidogo, lakini akiba hiyo nayo ni ya milisekunde chache tu. Zaidi ya hapo pakiti inatupwa, na wewe unasikia mkwaruzo, au lile roboti ambalo kila aliyefanya mkutano wa mtandaoni analijua.

Malori yanatoka wapi? Nyumbani kwangu yalikuwa mfukoni mwa watoto. Simu zao zilikuwa zinapakia picha na video kwenye hifadhi ya mtandaoni kila zikikamata Wi-Fi, yaani saa kumi jioni wakitoka shule, saa ambayo huko ninakowahudumia ni asubuhi na kliniki zinafunguliwa. Na tazama vizuri: kifurushi cha "megabiti 20" kilikuwa cha kushusha. Cha kupandisha kilikuwa megabiti 4, kimeandikwa kwa herufi ndogo chini ya karatasi. Kiboksi cha mtandao kinapopokea data nyingi kuliko inayoweza kutoka, kinaihifadhi kwenye kumbukumbu yake isubiri zamu. Kumbukumbu ya kilobaiti 256 ikijaa, kwa kasi ya megabiti 4 inahitaji nusu sekunde nzima kuisha. Kwa kasi ya megabiti 1, sekunde mbili. Shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, ITU, katika pendekezo lake la G.114 linashauri sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwa upande mmoja kama mnataka kuongea bila kukatizana. Nusu sekunde ni milisekunde 500, na hapo bado hatujatoka Tabata.

Tena sisi tunaopiga simu za mbali hatuna hiyo 150 yote. Kutoka Dar es Salaam hadi New York, kwa mstari ulionyooka, ni kama kilomita 12,500. Mwanga ndani ya faiba unakimbia takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Hizo ni milisekunde 60 na ushei kabla mtu hajafanya kosa lolote, na waya wa baharini haupiti kwa mstari ulionyooka. Kilichobaki ni kidogo. Ukiachia ruta yako ikitumie chote, umekwisha.

Tatizo hili lina historia. Mhandisi Jim Gettys, aliyekuwa Bell Labs, alikwama nalo nyumbani kwake mwaka 2010 alipokuwa akihamisha mafaili makubwa na kuona mtandao wake unageuka tope. Alipochimba akakuta watengenezaji wamejaza kumbukumbu kubwa kwenye vifaa, kwa nia njema kabisa, ili pakiti zisipotee. Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson wakatoa dawa yenye jina la CoDel. Werevu wake ni kwamba haiulizi foleni ni ndefu kiasi gani. Inauliza pakiti imesubiri muda gani. Kusubiri kukizidi milisekunde 5 na kukaendelea hivyo kwa milisekunde 100, inaanza kutupa pakiti mojamoja, na anayemwaga data kwa fujo anaelewa ujumbe, anapunguza mwendo. Eric Dumazet akaunganisha wazo hilo na lile la kumpa kila mtiririko foleni yake, ikazaliwa fq_codel. Hapo ndipo mwenye ndoo ya barafu alipopata lango lake. Mwaka 2018 ikafuata CAKE, iliyoingia kwenye mfumo endeshi huru wa Linux, toleo la 4.19, ambayo ni rahisi zaidi kuiwekea mipangilio.

Kabla hujatoa hata shilingi, pima. Chukua kompyuta, iunganishe na ruta kwa waya, fungua dirisha la amri uandike ping 8.8.8.8 (kwenye Windows ongeza -t ili isisimame). Utaona namba za milisekunde, yaani muda wa pakiti kwenda na kurudi, zikishuka mstari kwa mstari. Ziache dakika moja mtandao ukiwa umetulia. Kisha anza kupakia video kubwa mahali popote na uendelee kutazama. Kwangu namba zilikuwa zinacheza kwenye 30 na kitu. Video ilipoanza kupanda zikaruka 240, 410, 580, zikakaa hapo hadi nilipoisimamisha, halafu zikarudi 30 kama hakuna kilichotokea. Kama zako hazipandi kwa zaidi ya 20 au 30, ruta yako haina kosa na shida yako ni nyingine. Kama zinapanda kama zangu, endelea kusoma.

Dawa ya bei ya sifuri ipo: zima upakiaji wa picha mchana, uache ufanyike usiku wakati wa kuchaji. Inasaidia hadi siku mgeni atakapokuja na simu yake.

Dawa ya kudumu ni ruta yenye fq_codel au CAKE. Kwenye menyu za ruta utaikuta chini ya jina SQM (upangaji foleni wa kiakili), au imejificha ndani ya kitu kinachoitwa QoS (ubora wa huduma). Hapa kuwa makini, kwa sababu neno QoS limeandikwa kwenye maboksi mengi ya bei rahisi na halimaanishi kitu kimoja. Mara nyingi ni orodha tu ya vifaa, unachagua kipi kitangulie. Ina msaada wake, lakini kwa sharti moja ambalo wengi hulisahau, na sharti hilo linazihusu zote, SQM ikiwemo: lazima uiambie ruta kasi yako halisi ya kupandisha, na uitaje pungufu kidogo. Pima kasi mara kadhaa, asubuhi, jioni na usiku, chukua ile ya chini inayojirudia, weka kama asilimia 85 au 90 yake. Mimi kwenye 4 niliweka 3.5. Unapoteza nusu megabiti, na unachonunua nayo ni kwamba foleni haitengenezwi tena kwenye kiboksi cha mtoa huduma usichoweza kukigusa. Inatengenezwa kwenye ruta yako, ambako una sauti.

Sasa ruta yenyewe. Ukienda kwa mafundi wa mtandao Dar, Arusha au Nairobi, utasikia sana jina la MikroTik, kampuni ya Latvia. Mafundi wanazipenda kwa sababu zinadumu na zinafanya karibu kila kitu. Programu yake, RouterOS, ilipata fq_codel na CAKE kuanzia toleo la 7.1, mwishoni mwa 2021, na ruta zake ndogo za mfululizo wa hAP ni za bei ya kawaida kabisa. Ubaya wake ni menyu: imepangwa kama chumba cha rubani. Usipokuwa na moyo wa kujifunza, mlipe fundi saa moja akuwekee, na umwambie mapema unataka nini, maana akiachwa atakuwekea anachokijua.

Njia ya pili ni OpenWrt, programu huru unayoiweka kwenye ruta badala ya ile iliyokuja nayo. Ilizaliwa mwaka 2004 baada ya Linksys kulazimika kutoa msimbo wa ruta yake ya WRT54G, kwa kuwa ndani yake ilikuwa na Linux, ambayo leseni yake inadai hivyo. SQM yake ni kurasa chache tu na inaeleweka. Ruta za GL.iNet zinakuja na OpenWrt ndani, huhitaji kuhangaika. Ukitaka kuiweka mwenyewe kwenye ruta ya mtumba, geuza ruta kichwa chini usome stika. Jina la modeli peke yake linadanganya. TP-Link TL-WR841N, kwa mfano, ile nyeupe iliyojaa maofisini mwetu, imetoka kwa matoleo mengi, na mengi kati ya hayo yana megabaiti 4 tu za hifadhi na 32 za kumbukumbu, wakati OpenWrt siku hizi inashauri 16 na 128. Ni ruta nzuri ya kugawia Wi-Fi sebuleni. Kwa kazi hii imezeeka.

Jambo moja ambalo muuzaji hatakuambia: kupanga foleni kunachosha prosesa. Ruta dhaifu inaweza kupitisha megabiti 100 ikiwa imelala, ukiwasha SQM ikashuka hadi sehemu ndogo ya hiyo. Kwa mwenye kifurushi cha megabiti 20 si tatizo. Mwenye 200 anatakiwa anunue prosesa yenye nguvu, au awashe SQM upande wa kupandisha tu, ambako ndiko kwenye foleni mbaya mara nyingi. Ndiyo maana mtu mwenye kifurushi kidogo anaweza kupata simu safi kuliko mwenye kikubwa, kwa ruta ya nusu bei.

Wi-Fi 6 nayo usiililie kwa ajili ya simu. Unapofanya kazi mezani, vuta waya. Mita tano za kebo ya Cat5e zimenisaidia kuliko kizazi chochote kipya cha Wi-Fi, kwa sababu hewani vifaa vyote hupokezana kuongea kama wanakijiji kwenye mkutano, na nyumba za kwetu zilizobanana zina ruta ya kila jirani kwenye masafa ya gigahezi 2.4. Kama waya hauwezekani, tumia masafa ya gigahezi 5 na ukae chumba kimoja na ruta.

Kuna mdudu mwingine ambaye hana uhusiano na foleni, nami alinila wiki mbili. Anaitwa SIP ALG. SIP ni lugha inayotumiwa na simu za intaneti za maofisini kuitana, kwa kawaida kwenye mlango namba 5060. Watengenezaji wa ruta waliweka msaidizi anayefungua barua za SIP na kurekebisha anwani ndani yake, wakidhani wanasaidia. Mara nyingi anaharibu. Dalili zake zinatambulika: unamsikia mwenzako naye hakusikii, au simu inapokelewa vizuri, mnaongea, inakatika yenyewe kwenye sekunde ya 32. Kila mara 32. Namba hiyo si ya bahati. Mfumo wa SIP unaorudia kutuma jibu ukisubiri uthibitisho huacha kusubiri baada ya sekunde 32, na uthibitisho haukufika kwa sababu msaidizi wako aliuandikia anwani isiyo sahihi. Ingia kwenye mipangilio ya ruta, tafuta SIP ALG, izime. Kwenye ruta nyingine imeandikwa SIP Helper. Kabla ya kununua ruta yoyote, tafuta mtandaoni kama modeli hiyo inakuruhusu kuizima, kwa sababu zipo zisizoruhusu, hasa zile zinazotolewa na watoa huduma zikiwa zimefungwa. Wanaotumia WhatsApp au Zoom hawamjui mdudu huyu, simu zao hazipiti njia hiyo. Na kampuni yako ikikupa SIP iliyofichwa kwa usimbaji, msaidizi hawezi kusoma barua, basi anaiacha ipite.

Kama una kiboksi cha faiba cha mtoa huduma na unataka ruta yako nyuma yake, mwombe akiweke kiwe daraja tu, yaani kipitishe data na kazi ya ruta ifanywe na yako. Akikataa, simu bado zitapita, ila kuna ruta mbili za kuzimia SIP ALG.

Wa 4G wana taabu yao. Kasi ya mnara inapanda na kushuka kila saa, hivyo kile kikomo ulichoweka asubuhi jioni ni kikubwa mno au kidogo mno. Weka cha chini kabisa unachokiona jioni na uvumilie. Pia laini nyingi za simu hukuweka nyuma ya anwani ya pamoja, ukiona anwani ya nje inaanzia 100.64 hadi 100.127 ndiyo hiyo. Kupiga na kupokea kupitia kampuni ya simu za intaneti kutafanya kazi, lakini kuendesha mtambo wako wa simu nyumbani hutaweza bila kuzunguka.

Umeme. Ruta nyingi na viboksi vya faiba hutumia volti 12, na betri ndogo za kuvilisha zinauzwa kila duka la vifaa vya mtandao. Soma nyuma ya adapta kwanza, zipo za volti 9 na za 5, na hizo ukizipa 12 unazichoma. Usidanganywe na namba kubwa ya mAh. Betri ya mAh 10,400 imepimwa kwa volti 3.7 za seli zake, kwa hiyo ndani yake mna saa-wati 38 hivi. Ruta yangu inakula wati 8, kiboksi wati 6, jumla 14, toa kinachopotea njiani, unapata saa mbili na dakika chache. Na viboksi vyote viwili viwe kwenye betri. Jirani yangu alinunua moja akawasha ruta tu, Wi-Fi ikawa imejaa mistari yote, intaneti hakuna.

Kuna siku hakuna ruta itakayokusaidia. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika upande wa Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Siku hiyo nilizima kompyuta nikaenda kunyoa.

Nilichonunua mwishowe ni MikroTik ndogo ya mtumba, betri ya volti 12 na waya wa mita tano. Siku nilipoweka CAKE nikawaambia watoto wapakie video zao zote kwa mpigo, nikakaa na dirisha la ping. Thelathini na mbili, thelathini na nane, thelathini na tano. Mdogo akaja kuuliza kwa nini video yake inapanda polepole leo.